Siku Niliyomwambia Mkubwa Amwamkie Mdogo

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi mnaolingana nami, na mlio wadogo kwangu, poleni na jua la mchana huu. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu aliniambia niongee kidogo tu na nisiogope. Kuogopa nimeogopa tayari, kwa hiyo naomba mnipokee hivi hivi. Sitataja jina la mtu. Hata wanangu nitawaita mkubwa na mdogo, majina yao yabaki yao.

Mimi ni fundi cherehani hapa Chimwaga. Wengi wenu mmeniletea vitenge, na tabia yangu mnaijua. Nikiona mshono umepinda kidogo, hata kama mteja ameshaivaa nguo na anajitazama kwenye kioo anafurahi, namwambia avue niufumue. Ufundi huu sikufundishwa na mtu. Nilifeli kidato cha nne nyumbani Bahi, nikakaa tu, nikaanza kufumua nguo kuukuu ili nione zilivyounganishwa. Baadaye nikawa naangalia video kwenye simu ya kaka yangu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja, ndugu zangu. Anaishi akingoja mtu aje amwambie kwamba amekosea. Kila nguo iliyotoka mikononi mwangu niliiona kama mtihani. Nilipozaa, watoto nao wakawa hivyo. Niliwaona kama kazi yangu, na niliamini watu wote wanaikagua.

Mkubwa nilimzaa nikiwa msichana bado. Mdogo akafuata upesi, kabla mkubwa hajaacha ziwa vizuri. Mdogo alitembea mapema, akaongea mapema, akajua kuhesabu vifungo vya wateja kabla hajaanza shule. Mkubwa ni mtoto wa taratibu. Ukimtuma chumvi, atasimama njiani kutazama watu wanavyofyatua tofali, halafu atarudi na kiberiti. Ukimuuliza swali anakutazama kwanza, kama anakungoja umalize, hata kama umeshamaliza. Hana ubishi wala kisirani. Mimi nilimwona ni mshono uliopinda.

Tulipanga kwenye nyumba yenye familia kadhaa. Wengi ni watumishi waliohamia Dodoma na ofisi zao, watoto wao wanafuatwa na basi la shule asubuhi. Siku tuliyofika walitupokea vizuri, wakaniuliza wanite mama nani. Mnajua kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mkubwa alikuwa amesimama ubavuni kwangu, amebeba ndoo ya vyombo. Nikataja jina la mdogo.

Ulimi haukuteleza. Nilifikiri, nikachagua. Nilijua wataniuliza habari za shule, na nilitaka wakiniita wamuone yule wa kujivunia. Mkubwa alihamisha ndoo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Mume wangu ni fundi ujenzi kule Mtumba, hurudi Jumamosi. Aliposikia ninavyoitwa alishangaa.

“Umebadilishwa jina lini?”

“Wamezoea tu.”

“Na wewe unaitika?”

Nikamwambia chakula kinapoa.

Jioni kina mama tulikuwa tunakaa barazani tunachambua mlenda, na mazungumzo yetu yalikuwa yale yale ya nani mtoto wake kashika nafasi ya ngapi darasani.

“Wako wa ngapi safari hii?”

“Wa tatu. Nimemwambia hiyo ya tatu sitaki kuiona tena.”

“Wewe unalalamikia ya tatu? Wangu ukianzia kusoma kutoka chini ndiyo unamwona upesi!”

Huyo wa mwisho ni jirani yangu mmoja mchangamfu sana. Alisema huku amemshika mwanaye kichwani, na mtoto mwenyewe akacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo. Moyoni nilisema, huyu mama hana aibu.

Shule ilipofungwa, mwalimu alisoma matokeo mbele ya wazazi. Mdogo, darasa la pili, alikuwa wa kwanza. Mkubwa alikuwa darasa la tatu, na nilisikiliza majina yakisomwa mpaka nikadhani wamemsahau. Njia nzima kurudi sikumshika mkono. Kesho yake nikamfuata mwalimu wa darasa nikaomba mkubwa arudie la tatu, ili akae dawati moja na mdogo wake.

“Mama, huyu hajafeli,” mwalimu aliniambia. “Amepita. Ni wa taratibu tu.”

“Mwalimu nisaidie. Akikaa na mwenzake atavutika.”

“Umemuuliza mwenyewe?”

Nikacheka. Niliona ni swali la ajabu, kumuuliza mtoto. Nilimsumbua mwalimu mpaka akakubali.

Basi wakakaa dawati moja. Mdogo nikampa kazi ya kumsimamia dada yake: aangalie penseli zake, amwonyeshe hesabu, anieleze jioni kama mwenzake alikuwa anasikiliza. Na kwa kuwa mkubwa aliwahi kuomba kwenda chooni akapitiliza kutazama watu wanaochimba kisima, nikamkataza. “Usiinuke popote bila kumwambia mdogo wako.” Nilidhani huo ndio ulezi mzuri.

Ule msimu wa baridi, upepo unapovuma hapa mpaka mabati yanalia, nilimshonea kila mmoja sweta la shule. La mkubwa nilifumua kola mara nyingi mpaka ikakaa. Akalipoteza. Alilivua bombani akaliacha. Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni nikamtazama anavyotetemeka, na badala ya kumwonea huruma nikaona kazi yangu imetupwa. Mdogo alikuwa pembeni, sweta lake limefungwa vifungo vyote.

Nikamwambia mkubwa, “Kuanzia leo mkubwa humu ndani ni huyu. Mwenye akili ndiye mkubwa. Wewe ni mdogo, na mdogo anamwamkia mkubwa wake. Haya, mwamkie.”

Alinitazama kwa ile namna yake, kama anangoja nimalize. Halafu akamgeukia mdogo wake.

“Shikamoo.”

Mdogo akaangua kicheko, akajibu kwa sauti ya kibibi, “Marahaba mwanangu, hujambo?”

Na mimi nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka.

Nilidhani limeisha hapo. Kesho yake mkubwa aliamka, akaniamkia mimi, akamgeukia mdogo, akamwamkia. Na kesho kutwa. Na kila asubuhi. Angekuwa ananikomoa ningejua la kufanya, maana mtoto anayekomoa unamwona machoni. Huyu alikuwa anatii. Akaanza kungoja mdogo anawe kwanza. Akangoja mdogo achukue kipande cha ugali ndipo naye achukue. Nikapeleka habari hiyo barazani kama kichekesho, na wenzangu wakacheka, isipokuwa yule jirani mchangamfu.

“We mama, mkanye huyo mtoto. Shikamoo si ya kuchezea.”

“Ni utani wao tu.”

“Utani wa watoto wote wawili, au wa kwako?”

Mnajua niliwaza nini? Niliwaza, wa kwako ni wa mwisho darasani, utanifundisha nini wewe. Naona aibu kulisema mbele yake, na yupo hapa, lakini ndilo nililowaza.

Mdogo aliacha kucheka kabla yangu. Akaanza kuamka mapema na kutoka nje ili asikutwe na ile salamu. Akikutwa anaziba masikio. Siku moja akaniambia, “Mama, mwambie aache.” Nikamjibu, “Si heshima hiyo anakupa?” Akatoka nje. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani, akaanza upya. Nikamgombeza na yeye, maana sasa hata ule mshono ulionyooka ulikuwa unaniharibikia.

Jumamosi moja baba yao aliisikia. Aliweka kikombe chini.

“Hii nini?”

Akamwambia mkubwa, “Mama, usimwamkie mdogo wako. Wewe ndiye dada.”

Mkubwa akasema, “Mama alisema.”

Mume wangu alirudi kazini Jumapili mchana, kabla ya siku yake, na wiki ile hakunipigia simu.

Sasa nafika pale ambapo hata nikiwa peke yangu sipendi kufika.

Siku hiyo mkubwa aliamka na homa na mimi sikuiona. Nilikuwa namalizia gauni la bibi harusi. Alikuwa anavaa viatu polepole, nikamwambia achangamke, nikamgeuza mabega, nikamsukumia mlangoni. Mkono wangu ulimgusa. Alikuwa wa moto, na mkono wangu ukapita juu ya huo moto ukarudi kwenye kitambaa.

Nilipigiwa simu kutoka shuleni. Nilipofika kituo cha afya, mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, gauni lake limelowa kifuani. Mkubwa alikuwa ameanguka darasani, akashikwa na degedege, na mwalimu alimpakata kwenye bajaji mpaka pale. Ni malaria, na ilikuwa imepanda kichwani. Walikuwa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Mwalimu akaniambia, “Alipozinduka kidogo nilimuuliza, mbona hukuniambia unaumwa? Akasema alishaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akaambiwa asubiri.” Akaniuliza, “Mama, mkubwa wake ni nani?”

Nikageuka kumtafuta mdogo.

Mdogo alikuwa amekaa chini ukutani, amekumbatia mikoba yote miwili. Aliniambia bila kuinua kichwa, “Mama, ni mimi. Aliniambia anaumwa anataka kumwambia mwalimu. Tulikuwa kwenye jaribio. Nikamwambia subiri tumalize. Halafu nikasahau.” Akauliza, “Atakufa?”

Mtoto ambaye bado anang'oka meno ya utoto. Nilikuwa nimemtwika dada yake mzima, na nikaita hiyo sifa.

Huko hospitali, mkubwa alilala bila kutujua siku ile nzima na iliyofuata. Baba yao alikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi, akakaa upande wa pili wa kitanda. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mchana wa siku iliyofuata tena, jirani yangu alimleta mdogo. Akasimama miguuni pa kitanda, anaogopa kusogea. Mkubwa akafumbua macho. Yalizunguka, yakanipita mimi, yakampita baba yake, yakafika kwa mdogo yakatulia. Midomo imekauka, imepasuka. Akasema, “Shikamoo.”

Muuguzi alikuwa anabadilisha dripu, akacheka kidogo kwa upole, akidhani mtoto bado kachanganyikiwa. “Mama we, huyo si mdogo wako?”

Mdogo akapiga kelele. “Sitaki! Mimi si mkubwa! Sitaki, sitaki!” Akaingia chini ya kitanda, akashika chuma, hakuna aliyeweza kumtoa.

Nikapiga magoti pale sakafuni. Mmoja yuko juu ya kitanda, mwingine yuko chini yake, wote wawili wameumizwa na mimi, na sikujua nianze na yupi. Tangu waingie shule nilikuwa najua sikuzote nianze na yupi.

Nilikaa pale chini mpaka mdogo akachoka akanishika kidole. Kisha nikamwambia mkubwa, nikiwa bado nimepiga magoti, “Yale maneno niliyokuambia mlangoni yalikuwa makosa yangu.”

Akanitazama, akangoja nimalize. Safari hii nilikuwa kweli sijamaliza. Nikamwambia, “Usimwamkie tena. Wewe ndiye dada.”

“Nisipomwamkia atakasirika?”

“Hatakasirika.”

“Na wewe?”

Ndugu zangu, ningeweza kuwaambia kwamba kuanzia pale mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Malaria ile ilimwachia mkono wa kushoto unaotetemeka anaposhika kitu chembamba, na daktari alisema huenda ukatulia, huenda usitulie. Alikuwa wa taratibu, sasa ni wa taratibu zaidi. Ile shikamoo iliendelea kumtoka muda mrefu. Anaanza, anakumbuka, anafunika mdomo, ananitazama. Kila akifunika mdomo naisikia sauti yangu ile ya mlangoni.

Na mimi sikupona upesi. Mtu akaniambia kwa nia njema kwamba kila mtoto ana kipaji chake, nikitafute. Nikalishika neno hilo kama mtu anayezama. Nikampeleka kwaya ya watoto, wakamweka nyuma, akawa anaimba mstari ambao wenzake wameshaumaliza. Nikamnunulia rangi. Nikamkalisha kwenye cherehani, na ule mkono. Kila jioni nilikuwa namtazama: je, ni hiki? Nilidhani nimeacha kumlinganisha, kumbe nimebadilisha somo tu. Nilikuwa bado natafuta kitu cha kuwaonyesha watu barazani.

Siku moja tunachagua mchele, anatoa vijiwe kimoja kimoja, ananiuliza, “Mama, na kama sina?”

“Huna nini?”

“Hicho kipaji.”

Nikataka kumwambia unacho, tutakipata. Nikaona uso wake, umechoka kwa kutafutwa. Nikamwambia, “Basi huna. Hata mimi sijui kama ninacho. Lete sinia hapa karibu.” Akasogea. Tukamaliza ule mchele kwa kuchelewa sana, na nilikuwa na nguo ya mtu inasubiri, na sikumharakisha. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Namshukuru mwalimu yule, aliyemrudisha mkubwa kwenye darasa lake la haki bila kunikumbusha alichoniambia mwanzo. Namshukuru muuguzi, na mume wangu, aliyerudi kuzungumza nami kabla sijastahili. Nashukuru kikundi hiki, mlioniletea uji hospitali wakati wengine wenu hata jina langu hamjalijua. Namshukuru jirani yangu, aliyemlaza mdogo chumbani kwake siku zile akamfulia mashuka bila kumtangaza. Nilipotoka hospitali nilikwenda barazani nikawaambia wote kwamba naomba niitwe kwa jina la mkubwa. Jirani huyo ndiye aliyenijibu: “Haya, mama nani sasa? Usije ukatubadilishia tena mwezi ujao, sisi vichwa vimechoka.” Nilicheka, na wakati huu nilicheka kweli.

Kama kuna mzazi hapa aliye kama mimi, anayepima watoto kila anapowatazama, nina neno moja la kumwambia. Yule unayemsifu kwa kumzidi mwenzake unamtisha, maana anajua siku akishuka utamfanyia vile vile. Na yule unayemshusha anakuamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniamini. Watoto wako wasisubiri kufikia mahali fulani ndipo wawe wako. Mimi bado najifunza, na asubuhi nyingine nashindwa, macho yanakwenda yenyewe kwa yule wa haraka. Nayarudisha.

Wiki iliyopita nilikuwa nashona, wao wako uani. Nikasikia vurugu, wanagombea kigoda cha kukalia. Nikasikia sauti ambayo sikuijua mara moja, maana sikuwahi kuisikia imepanda vile. “Toka hapo! Mimi ndiye mkubwa!” Halafu kofi. Mdogo akaja mbio anabubujikwa na machozi, ameshika shavu, akanirukia magotini.

“Mama, dada ananionea!”

Nikasimamisha cherehani. Nikamshika, nikamfuta kamasi kwa pindo la kitenge cha mteja, Mungu na mteja wanisamehe. Kupitia mlangoni nilimwona mkubwa amekaa kwenye kigoda, ule mkono unatetemeka juu ya goti, ananitazama, anangoja nitasema nini.

Najua kofi si zuri, na baadaye nilimwambia. Lakini dakika ile sikuinuka kuwaamua.